Kutoka Leeds hadi Gravesend: siku saba nikimfuata Joseph Priestley

Siku ya kwanza: Leeds

Nimefundisha kemia miaka 31, mingi kati ya hiyo katika shule za sekondari za mkoa wa Tanga. Kila mwaka nilipofika kwenye mada ya oksijeni niliandika mstari mmoja ubaoni: iligunduliwa na Joseph Priestley mwaka 1774. Wanafunzi wakanakili, nami nikafuta ubao.

Sasa nimestaafu na nimekuja Uingereza kumtembelea binti yangu, muuguzi katika mji huu wa Leeds. Jioni niliyofika alinipitisha kwenye uwanja ulio mbele ya stesheni, akanionyesha sanamu ya mtu aliyevaa koti refu la kizamani. "Mama, huyu si mtu wako?" Nikasogea nikasoma jina. Usiku ule sikulala vizuri. Mtu niliyemtaja kila mwaka kwa sentensi moja alikuwa ameishi hapa, akatembea mitaa hii, na sikujua. Nikamwambia binti yangu naomba wiki moja nimfuate, nikianzia papa hapa.

Ng'ambo ya uwanja kuna kanisa la Mill Hill. Priestley alikuwa mchungaji wake kuanzia 1767 hadi 1773. Jengo la leo ni la karne ya 19, lakini mahali ni palepale. Waumini wake walikuwa wamejitenga na Kanisa la Uingereza, na kwa sheria za wakati ule watu wa namna yake hawakuweza kupata shahada Oxford wala Cambridge. Kwa hiyo mmoja wa waanzilishi wa kemia ya kisasa hakutoka chuo kikuu chochote. Kazi yake ya mshahara ilikuwa mahubiri, na alihubiri kwa shida, kwa sababu alikuwa na kigugumizi.

Nikavuka mto Aire kwa miguu hadi Meadow Lane. Alipohamia Leeds alipanga nyumba jirani na kiwanda cha bia. Jirani mwingine angelalamikia harufu. Yeye aliomba ruhusa ya kuingia ndani, akasimama juu ya mapipa ya bia inayochacha, akaona kuwa juu ya povu limetanda tabaka la hewa nzito inayozima mshumaa. Ndiyo ile tunayoiita leo kabonidayoksaidi. Akachukua glasi mbili, akawa anamimina maji kutoka moja kwenda nyingine ndani ya hewa ile, na baada ya dakika chache maji yakawa na viputo na ladha kali kidogo. Mwaka 1772 alichapisha kijitabu cha kumwelekeza mtu yeyote namna ya kutengeneza maji hayo, akitumaini yangewasaidia mabaharia wenye kiseyeye. Kwa kiseyeye hayakufaa kitu. Lakini kila soda inayofunguliwa kwenye harusi za kwetu imetokana na kijitabu kile, na mwenyewe hakutaka kukifanyia biashara.

Hapahapa Leeds ndipo alipofanya jaribio ninalolipenda kuliko yote. Tarehe 17 Agosti 1771 alichukua hewa ambayo mshumaa ulikuwa umewakia humo hadi ukazimika, akaweka ndani yake kitawi cha nanaa. Tarehe 27, siku kumi baadaye, akaingiza mshumaa mwingine, na ukawaka vizuri kabisa. Alikuwa ameona, bila kuwa na jina la kuliita jambo hilo, kwamba mimea huturudishia hewa tunayoiharibu.

Siku ya pili: Birstall na Heckmondwike

Basi la asubuhi. Vilima vya kijani, nyumba za mawe yaliyotiwa weusi na moshi wa viwanda vya zamani. Mashariki ya Afrika tungesema nchi hii imepikiwa kwa kuni.

Birstall ndiko alikozaliwa Machi 1733, katika kitongoji cha Fieldhead. Nyumba yenyewe haipo tena. Baba yake alikuwa fundi wa kumalizia vitambaa vya sufu, kazi ya nusu ya watu wa bonde hili. Mama yake alifariki Joseph akiwa mtoto bado, na baada ya muda akachukuliwa na shangazi yake, dada wa baba, aliyeishi Heckmondwike bila mtoto wake mwenyewe. Nilisimama sokoni Birstall mbele ya sanamu yake ya pili katika siku mbili, nikamfikiria huyo shangazi. Kwetu wapo wengi: mtoto analetwa na begi moja, shangazi anamsomesha, na jina la shangazi halipo kwenye kitabu chochote. Wa Priestley aliitwa Sarah Keighley. Nimeliandika hapa makusudi.

Nyumba ya Heckmondwike ingali imesimama, nayo ni kuukuu kupita kiasi, na siku hizi ni baa. Niliingia nikaagiza chai. Kwa masimulizi ya mdogo wake Timothy, Joseph alipokuwa na miaka 11 hivi alikuwa akiwafungia buibui kwenye chupa ili aone wataishi muda gani bila hewa mpya. Nikaangalia pembe za dari kwa muda mrefu. Miaka thelathini baadaye angerudia swali lilelile kwa panya, na jibu lake lingebadilisha somo zima.

Siku ya tatu: Leeds, mvua

Sikutoka. Binti yangu alikuwa zamu ya mchana, nami nikakaa jikoni kwake nikichora vifaa vya Priestley kutoka kwenye michoro yake mwenyewe.

Yeyote aliyefundisha sayansi katika shule isiyo na maabara angeichora michoro hii huku mikono ikimtetemeka. Chombo chake kikuu cha kukusanyia gesi kilikuwa beseni la maji lenye rafu ndani. Unajaza chupa maji, unaifunika, unaigeuza kichwa chini ndani ya beseni, unapitisha mrija chini yake, na gesi inapopanda maji yanashuka. Alitumia glasi za bia na mitungi ya nyumbani. Panya aliwakamata kwa mitego midogo ya waya, akawaweka kwenye rafu jikoni juu ya meko wasipate baridi. Alipomhitaji mmoja alimshika nyuma ya shingo, akampitisha majini haraka hadi ndani ya chupa.

Nami? Ndoo ya plastiki, mrija wa dripu kutoka zahanati, chupa tupu za kahawa, haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, na unga mweusi kutoka betri za tochi zilizokwisha. Kwa vitu hivyo nilitengeneza oksijeni kwa mamia ya watoto, na kila mara kijiti chenye kaa kilipofufuka na kuwa moto, darasa zima lilipiga kelele. Miaka yote nilikuwa nikiona aibu kwa ajili ya ndoo ile, hasa wakaguzi walipokuja. Leo nimejua kuwa nilikuwa natumia vifaa vya mwenye fani.

Jambo moja alilofanya linataka sifa yake peke yake. Gesi nyingine huyeyuka majini, kwa hiyo kwa beseni la maji huzipati kamwe. Yeye akaweka zebaki badala ya maji, na ghafla zikatokea gesi ambazo hakuna aliyekuwa amezikusanya vizuri: amonia, ile ya asidi ya chumvi, ile ya salfa inayowaka. Badiliko dogo, kimiminika kingine ndani ya beseni lilelile.

Siku ya nne: Birmingham

Treni saa mbili hivi. Nimefikia nyumba ya wageni ndogo karibu na katikati ya mji.

Priestley alihamia hapa mwaka 1780, naye mwenyewe aliihesabu miaka ya hapa kuwa ya furaha. Alikuwa na marafiki wa kweli: Matthew Boulton na James Watt wa injini za mvuke, Josiah Wedgwood wa vyombo vya udongo, madaktari Erasmus Darwin na William Withering. Walikutana kila mwezi karibu na siku ya mbalamwezi, ili warudi nyumbani barabara zikiwa na mwanga, na kwa sababu hiyo wakajiita chama cha mwezi. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa hilo. Sisi nasi tulipanga ngoma na maulidi kwa mbalamwezi kabla ya nguzo za umeme.

Sanamu ya Chamberlain Square inamwonyesha ameshika lenzi, anaelekeza mwanga kwenye chombo. Mtoto mmoja aliyekuwa na mama yake alinyoosha kiganja chini ya lenzi ya shaba kana kwamba ingemchoma.

Kuna la kusema ambalo vitabu vya kemia huliacha. Mwaka 1788 Priestley alihubiri katika mji huu dhidi ya biashara ya watumwa, na mahubiri hayo yakachapishwa. Birmingham ilikuwa mji wa mafundi bunduki, na bunduki zake zilipelekwa Afrika Magharibi kubadilishwa na watu. Mmoja wa marafiki zake wa mbalamwezi, Samuel Galton, alikuwa na kiwanda cha bunduki. Maneno yale basi hayakusemwa mbali na wahusika. Mimi nimekulia Pangani, mahali ambapo majahazi yalipakia watu, na ingawa ile ni bahari nyingine na biashara nyingine, nimemheshimu zaidi kwa ajili ya Jumapili ile.

Siku ya tano: Sparkbrook

Nimekwenda kutafuta mahali ilipokuwa nyumba yake, Fair Hill. Kilichobaki ni jina, mtaa unaoitwa Priestley Road, nyumba za matofali zilizobanana, na harufu ya bizari.

Tarehe 14 Julai 1791 watu fulani wa mji walifanya karamu hotelini kuadhimisha miaka miwili ya mapinduzi ya Ufaransa. Priestley aliunga mkono mapinduzi yale, ila kwenye karamu hakwenda. Kundi la watu lilikusanyika, likapiga kelele za kulitetea Kanisa na Mfalme, likachoma nyumba mbili za ibada, ya kwake ikiwa mojawapo, kisha likaja huku. Yeye na mkewe Mary walikuwa wakicheza kete baada ya chakula cha usiku. Waliondoka walivyo. Kutoka mbali kidogo walisikia nyumba yao ikivunjwa. Baadaye aliandika kwamba wavamizi walihangaika kupata cheche za kuwashia vitabu vyake kutoka kwenye mashine yake mwenyewe ya umeme. Maktaba, maabara, na maandishi ya miaka mingi vikaisha. Ghasia ziliendelea siku tatu zaidi.

Nilikuwa nimesimama nikiandika haya kwenye daftari mbele ya duka la mboga. Mwenye duka, mzee wa Kihindi, akaniangalia kanga yangu, akasema, "Karibu mama. Umetoka wapi?" Kiswahili kabisa! Nikamjibu natoka Tanga. Akacheka hadi akashika meza. Alizaliwa Kampala. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa watu wa asili yake siku 90 waondoke, alikuwa kijana wa shule, na baba yake akafunga duka la vitambaa akampa jirani ufunguo.

Nikamweleza kwa nini nimesimama pale. Alijua jina la mtaa tu, mtu hakumjua. Nilipofika kwenye mashine ya umeme na vitabu, akakaa kimya, kisha akauliza, "Alirudi?"

"Hapana, mzee wangu. Hapa hakurudi kukaa tena."

Akafunga fungu la nanaa kwenye karatasi akanipa, na pesa akakataa.

Siku ya sita: Calne na Bowood

Treni ya asubuhi ilichelewa, nikakosa ya kuunganishia Bristol, nikafika Chippenham saa saba mchana badala ya saa tano. Calne haina stesheni tangu miaka ya 1960, kwa hiyo basi tena. Nilikuwa nimepanga niwe Bowood tarehe 1 Agosti, na nimefika tarehe hiyohiyo, mchana umeshapinda, jua bado lipo. Jua nililihitaji.

Mwaka 1773 tajiri mwenye shamba hili, Lord Shelburne, aliyekuja kuwa waziri mkuu, alimwajiri Priestley awe mtunza maktaba na mshauri kwa pauni 250 kwa mwaka. Familia ikakaa Calne. Jumba kuu lilibomolewa miaka ya 1950, lakini sehemu iliyobaki ina chumba chenyewe. Nilidhani nitaingia ukumbini. Ni chumba kidogo kando ya maktaba. Darasa langu la Kidato cha Pili lisingetosha humo.

Hapa, tarehe 1 Agosti 1774, alichukua lenzi yenye kipenyo cha inchi 12 akakusanya jua juu ya unga mwekundu unaopatikana zebaki inapochomwa polepole hewani. Unga ukatoa gesi. Akaingiza mshumaa uliokuwa ukiwaka, na mwali ukawa mkali ajabu. Alikiri kwa maandishi kwamba hakuwa na sababu ya kuuingiza, na kama usingekuwapo mezani mbele yake umeshawashwa, pengine asingejaribu kabisa. Machi 1775 akaingiza panya. Kwa hesabu yake, panya katika hewa ya kawaida ya kiasi kile angedumu kama robo saa. Huyu alidumu nusu saa, akatolewa amezubaa, akawekwa karibu na moto, akapona. Kisha Priestley akaivuta mwenyewe, akahisi kifua chepesi, akaandika kwamba mpaka wakati huo waliopata bahati ya kuivuta ni panya wawili na yeye.

Scheele, mfamasia wa Sweden, alikuwa ameshaipata gesi hiyo kabla yake, lakini kitabu chake kilitoka 1777. Priestley yeye alitangaza mara moja. Oktoba 1774, akiwa Paris, alikula chakula mezani kwa Antoine Lavoisier akamweleza kila kitu kwa Kifaransa chake cha kubahatisha. Lavoisier alikwenda kupima kwa mizani, akafumbua maana, akaipa jina oksijeni.

Maana ile Priestley hakuikubali hadi kufa. Wakati ule wakemia waliamini kuwa kila kiwakacho kina kitu kiitwacho flojistoni kinachotoka kinapoungua, na hewa hukipokea mpaka ishibe, ndipo moto huzimika. Hewa hii mpya, kwake, ilikuwa hewa yenye njaa, isiyo na flojistoni hata kidogo, kwa hiyo inapokea zaidi.

Nilikaa kwenye benchi nje nikiwa na sentensi hiyo, na likanirudia jambo la mwaka 1998. Nilikuwa nimefunika mshumaa kwa chupa mbele ya darasa, ukazimika, nikauliza kwa nini. Kijana mmoja wa nyuma akanyanyuka akasema, "Mwalimu, hewa imeshiba moshi." Darasa likacheka. Nikamwambia siyo, kaa chini, nikamwita mwingine aliyekariri vizuri. Hakunyoosha tena mkono mwaka ule. Jibu lake lilikuwa karibu jibu la Priestley, na la wakemia wengi hodari wa Ulaya kwa miaka karibu mia. Aliangalia mshumaa, akafikiri, akasema alichokiona. Mwenzake hakuwa ameangalia chochote. Ningeweza kumuuliza: tukiwa na hewa iliyoshiba, tutajuaje? Na angeweza kunitajia nanaa, au panya, au mizani. Nilikuwa na ndoo pale pale.

Siku ya saba: Gravesend

Treni hadi London, nyingine hadi Gravesend. Thames hapa ni mpana, wa rangi ya udongo, na unanuka bahari.

Baada ya Birmingham alijaribu kuishi Hackney, akafundisha na kuhubiri, lakini watu walimwogopa, na wanawe hawakuona maisha ya kuanza nchini. Aprili 1794, akiwa na miaka 61, yeye na Mary walipanda meli iitwayo Samson hapa Gravesend, wakafika New York tarehe 4 Juni. Tarehe 8 Mei, wao wakiwa katikati ya Atlantiki, Lavoisier alikatwa kichwa Paris, kosa lake kubwa likiwa kwamba alikuwa mmoja wa wakusanya kodi wa mfalme. Mmoja alifukuzwa kwa kuyapenda mapinduzi, mwingine akauawa na mapinduzi yenyewe, na habari haikuweza kumfikia baharini.

Kule Northumberland, Pennsylvania, alijenga nyumba yenye maabara kando ya mto Susquehanna. Alimzika mwanawe Henry mwaka 1795 na Mary mwaka 1796. Aliendelea na majaribio, na mwaka 1800 akachapisha utetezi mwingine wa flojistoni, mtu pekee mwenye jina kubwa aliyebaki upande ule, akiandika wazi majaribio yote yanayoweza kutumiwa dhidi yake. Alifariki tarehe 6 Februari 1804. Asubuhi ile alisahihisha maandishi kwa kumwambia mtu ya kuandika, akasomewa, akasema ni sawa, sasa nimemaliza.

Nikiwa kwenye ngazi za mto nilimpigia mdogo wangu Muheza. Nikamuuliza kama bado anamjua yule kijana, ambaye nilisikia ni fundi wa majokofu. Akasema yupo, ana duka lake, na jioni akanitumia namba.

Leeds, usiku

Binti yangu alinikuta jikoni nimejaza beseni maji. Nilikuwa nimewasha mshumaa chini ya mtungi wa kachumbari, ukazimika, nikapitisha kitawi cha nanaa ya Sparkbrook majini hadi ndani, kimesimama wima kwenye maji yake. Mtungi umewekwa dirishani penye mwanga. Akauliza utakaa hapo mpaka lini. Siku kumi, nikamwambia, na asiuguse.

Kisha nikaosha mikono, nikakaa, nikaipiga ile namba. Iliita mara tatu.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Mwalimu wako wa kemia," nikasema. "Nina swali la mshumaa."